Boti za Mwezi wa Saba

Mashine ya alama za vidole ilimkataa Danuta Zaniewska mara nne. Alikuwa ameenda ofisi ya mji kuchukua kitambulisho kipya. Akabonyeza kidole gumba juu ya kioo, akabonyeza cha shahada, akabadilisha mkono, na kila mara mashine ikalia kwa ukali kana kwamba imetukanwa. Dada wa dirishani akamwuliza anafanya kazi gani.

"Boti," alisema Danuta.

"Ah. Basi nyie wote mko hivyo," akasema yule dada, akaandika kwenye fomu kwamba mwombaji hana alama.

Miaka thelathini na moja ya faiba, msasa na asetoni ndiyo iliyomlamba vidole. Hakuona ajabu. Mjini Augustów, mji wa ziwa na viwanda vya boti, utawakuta wengi wenye vidole laini kama kipande cha sabuni kilichotumika, na wengine wanaokohoa kila asubuhi kabla ya chai. Kule boti si starehe, ni zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Wenye starehe wako Norwei, Uholanzi, Ujerumani na Florida. Augustów wanaziunda tu, wanazifunga nailoni nyeupe, wanazipakia kwenye malori, zinaondoka. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walichosahau kusema ni kwamba anayestarehe juu yake haulizi kamwe nani aliyeunda, na kwa miaka mingi jambo hilo halikumwuma Danuta hata kidogo.

Kazi yake ilikuwa kulea kalibu. Kalibu ya boti ni kama boti iliyogeuzwa nje ndani: bakuli refu lenye kung'aa, linapakwa nta, linapuliziwa rangi, kisha watu wenye barakoa wanalitandika mikeka ya faiba na kuilowesha kwa resini, ile gundi ambayo harufu yake humfuata mtu hadi kanisani. Resini ikishaganda, ganda la boti linanyanyuliwa kwa winchi, na kalibu inapanguswa ili ipokee jingine. Wa kuamua ganda linyanyuliwe lini alikuwa Danuta. Aligonga kwa konzi, alinusa, aliweka kiganja. Juu ya kila kalibu ilining'inia karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, na humo aliandika nambari ya boti, saa tabaka la mwisho lilipofungwa, saa ganda lilipotoka, kisha akatia sahihi. Sheria ilikuwa masaa kumi na sita. Danuta aliyashika masaa hayo kuliko padri anavyoishika kwaresima, na watu wa winchi walimwita Shangazi Saa, nyuma ya mgongo wake mwanzoni, baadaye hata usoni.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Kiwanda kilifungwa wiki tano, watu wakajifungia majumbani wakiamini wamekwisha. Hakuna aliyekisia kilichofuata. Watu wa nchi tajiri walikatazwa ndege, wakakatazwa hoteli, wakabaki na akiba zao na majira ya joto marefu, basi wakakumbuka maji. Ilipofika mwezi wa sita simu zilianza kulia, na hazikunyamaza kwa miaka miwili. Mfanyabiashara wa Hamburg aliyezoea kuagiza boti kumi akaagiza arobaini. Yule wa Oslo aliuza boti ambazo bado zilikuwa mapipa ya resini. Injini hazikupatikana, viti havikupatikana, hata skrubu za chuma cha pua zikawa bidhaa ya kunong'onezana, lakini maganda yalitakiwa hivyo hivyo. Maganda kwanza, mengine yatafuata. Mwenye kiwanda akajenga ukumbi wa tatu. Kutoka boti tisa kwa wiki wakafika ishirini na mbili.

Ukumbi hujengwa kwa miezi minne. Kalibu nzuri haitaki haraka hiyo. Kalibu zilikuwa zile zile, na siku ilikuwa na masaa yale yale.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba mwaka 2021, joto likiwa digrii thelathini na tatu, Bwana Burba alimjia Danuta. Burba alikuwa mkuu wa uzalishaji, mtu mpole mwenye sauti ya daktari wa watoto. Hakumwamuru chochote. Laiti angemwamuru. Alisimama kando ya kalibu, akaipapasa ukingo, akasema:

"Bi Danuta, kwa joto hili, masaa kumi na sita ya nini?"

"Karatasi inasema kumi na sita."

"Karatasi aliiandika mhandisi wa Gdańsk ambaye hajawahi kushika rola. Wewe unaijua kalibu hii kuliko karatasi."

Hapo ndipo alipopatikana. Ingekuwa rahisi kusema alilazimishwa, maskini, mjane wa watu, angefanyaje. Hakulazimishwa. Alisifiwa. Katika miaka yote ile hakuna mtu mwenye shahada aliyewahi kumwambia kwamba anajua kitu, na sifa ile ilimwingia kama mvinyo kwenye tumbo tupu. Aliongeza kidogo dawa ya kugandishia, akatoa ganda baada ya masaa kumi. Likasimama vizuri. Akatoa jingine baada ya manane. Kabla wiki haijaisha alikuwa anatoa baada ya masaa sita, na kwenye karatasi akiandika kumi na sita, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, kwa kuwa wakaguzi wa wanunuzi walitaka kuona kumi na sita. Ukumbini ukazuka msemo: karatasi inalala, boti inaamka. Watu walicheka, na Danuta alicheka nao. Siku ilipotoka boti ya elfu moja tangu simu zianze kulia walimpa maua, gazeti la wilaya likampiga picha ameegemea ukingo wa kalibu, naye akaikata picha akaibandika kwenye friji.

Sasa, ganda linalotoka bichi ni kama mkate ulioopolewa mapema: nje umekauka, ndani bado unakubali kidole. Maganda yaliwekwa juu ya toroli zenye mhimili wa mbao unaobeba uzito kwa nyuma. Ganda lililoiva mhimili ule haulifanyi kitu. Ganda bichi liliusikia. Moja katika kila matatu, kwenye toroli zile mbovu, lilitoka na kibonde tumboni, karibu na pale injini inapofungwa. Kina chake unene wa sarafu mbili, upana wake kiganja. Jicho halikukiona. Danuta alikigundua wiki ya pili alipopitisha mkono chini. Vidole visivyo na alama, kumbe, vinahisi sana.

Alimwambia Burba. Burba akauliza, "Inaelea?"

"Inaelea."

"Basi, Bi Danuta. Inaelea."

Aliomba toroli zivishwe sponji. Sponji ilifika mwezi wa tisa. Kufikia hapo boti sitini na moja zilikuwa zimeshaondoka na kibonde chao, na zote, hata za mwezi wa nane, ziliitwa za mwezi wa saba.

Kila mtu wa boti anajua kibonde kama kile kinafanya nini. Ukienda polepole hakifanyi kitu, bibi anaweza kufuma sweta mle ndani. Lakini funga injini kubwa, ifungue, na maji yanainyanyua boti kwa nyuma na kuikandamiza pua. Kisha kata kona, na pua inauma maji, boti inageuka ghafla kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Asiyejishika vizuri anarushwa. Kiwandani boti zilishushwa kwenye bwawa kuona kama zinavuja, basi. Injini walifunga wanunuzi huko kwao.

Na nyingi, heri au shari, hazikugusa maji kabisa. Maana ilipofika mwaka 2023 ndege zilikuwa zinaruka tena, riba ya mikopo imepanda, mafuta yamepanda, na kila aliyetaka boti alikwisha kuinunua. Matajiri wakubwa hawakuhisi kitu. Meli zao za starehe ziliendelea kuagizwa kama kawaida. Waliokimbia ni watu wa kati, wenye boti ya mita sita na watoto wawili, na hao ndio waliokuwa wakiilisha Augustów. Boti zikabaki kwenye yadi za Hamburg na Oslo ndani ya nailoni zao, safu kwa safu, kama ng'ombe wa mnada waliokosa mnunuzi. Wafanyabiashara wakafuta oda, kisha wakaomba kurudisha. Ukumbi wa tatu ulifungwa kabla harufu ya rangi ya kuta zake haijaisha. Halafu ukafungwa wa kwanza.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata ilikuja barua kutoka Norwei. Mteja amerushwa nje ya boti kwenye kona, amevunjika bega. Wanaomba karatasi za uzalishaji. Burba akazitoa. Masaa kumi na sita, sahihi safi. Akajibu kwamba boti iliundwa kwa kufuata taratibu zote na kwamba mwendeshaji apewe mafunzo, akampa Danuta asome jibu ili athibitishe tarehe. Danuta alithibitisha. Alisikia nafuu, kisha akasikia aibu kwa ile nafuu, kisha akaenda kula chakula chake cha mchana, na akakimaliza chote.

Mwezi wa tano waliachishwa watu themanini, na mmoja wao alikuwa Wiesiek, mdogo wake Danuta, fundi wa kufunga sakafu na viti, aliyemwita dada yake Danka tangu utotoni. Badala ya sehemu ya kiinua mgongo, kiwanda kiliruhusu atakaye achukue boti moja katika zile zilizorudi kutoka ng'ambo. Wiesiek akachukua. Aliiburuta kwa trela hadi ua wa nyumba yake, akampigia dada yake simu aje aione.

Danuta alikuja kwa baiskeli. Alizunguka nyuma, akasoma nambari iliyochongwa kwenye faiba: mia nne thelathini na moja. Hakuhitaji kupitisha mkono. Aliupitisha hata hivyo.

"Vipi, Shangazi Saa, mtoto mzima?" akauliza Wiesiek.

"Mzuri," alisema Danuta, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Alivumilia siku tisa. Mficha uchi hazai, na Danuta alikuwa ameuficha wake miaka mitatu, lakini huyu hakuwa Mnorwei wa kwenye barua. Huyu alimlea mwenyewe, alimfuta kamasi, alimpeleka kiwandani kwa mkono wake. Jumapili Wiesiek alikuja kula kwake, kama alivyokuja kila Jumapili tangu mkewe Bogusia aende Brussels kuhudumia wazee wa watu. Danuta alipika kartacze, yale madonge makubwa ya viazi yenye nyama ndani, akamwekea matatu, akangoja amalize la kwanza.

"Wiesiek, ile boti yako ni ya mwezi wa saba."

"Najua kusoma nambari."

"Nisikilize kwanza. Haikulala masaa kumi na sita."

Wiesiek aliendelea kukata donge. "Ililala mangapi?"

"Sita."

"Mimi nilidhani saba."

Danuta aliweka uma chini.

"Unanitazama nini?" akasema Wiesiek. "Nani alikuwa anafunga sakafu? Mama mzazi? Sakafu za mwezi ule zilikuwa zinacheza kama kiti cha baa. Nikapiga kabari, nikajaza puti, nikafunika zulia. Ukumbi mzima ulijua, Danka. Wewe ulidhani unamficha nani?"

"Na bado ukaichukua."

"Ndizo zilizobaki. Nzuri walishagawana watu wa ofisi."

"Basi funga injini ndogo. Ya kuvulia. Ukienda taratibu haina neno."

"Sifungi chochote. Nimeiuza." Akafuta midomo. "Daktari wa mifugo, wa mji wa Ełk. Gryko. Ana mabinti wawili, anataka awavute kwenye ubao wa kuteleza majini huko ziwa Śniardwy. Ameshanunua na injini yake, nguvu za farasi mia na hamsini. Imefungwa jana. Jumamosi anakuja kuichukua pale ziwani Necko, anataka kuijaribu kwanza."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba dada yangu hajui kusoma saa?"

Danuta alisema kuna mtu Norwei amevunjika bega. Wiesiek alisema bega hupona. Alisema Bogusia ana miaka minne anageuza vizee vya wenyewe kitandani, mgongo wake ndio hautapona, na kwa boti hii atafungua kibanda cha kutengeneza boti na mke wake arudi nyumbani. Hakupaza sauti, afadhali angeipaza.

"Na ukifungua mdomo haitakuwa yangu tu," akaendelea. "Watarudisha zote. Wamebaki watu arobaini na sita pale. Unataka kuwafungia mlango? Na wa kwanza kutoka ni wewe, sahihi ni yako. La kuvunda halina ubani. Liache livunde polepole, litaisha lenyewe." Akasukuma sahani. "Nipe kabichi."

Akampa kabichi.

Wiki ile kiwandani zilikuwa zinafanya kazi kalibu mbili tu. Kwa kuwa oda hazikuwepo, Danuta aliacha maganda yalale masaa ishirini, wakati mwingine siku nzima, na yalitoka yamenyooka, magumu, yanalia kama kengele ukiyagonga. Sasa kwa kuwa hakuna aliyezitaka, boti zilikuwa nzuri kuliko wakati wowote. Alizitazama akasikia hasira, na hakujua amkasirikie nani, ndiyo maana Alhamisi alipanda ngazi kwenda kwa Burba.

"Zile za mwezi wa saba," alisema. "Tuziite zirudi. Zinazorekebishika tuzirekebishe, ni puti na msasa na siku mbili. Watu wenyewe wamekaa bure huku chini."

Burba aliinuka akafunga mlango, akamvutia kiti.

"Bi Danuta, zina nini za mwezi wa saba?"

"Wajua."

"Mimi najua kilichoandikwa. Kimeandikwa kumi na sita, sitini na moja kwa sitini na moja, na mwandiko ni wako. Sijawahi kuandika hata moja mimi." Alisema kwa upole ule ule. "Una miaka mingapi hadi pensheni?"

"Minne."

"Minne si mingi. Nenda kanywe chai."

Ndipo hapo alipong'amua kwamba mtu yule alikuwa ameshazihesabu boti zile zamani, ingawa hakuna aliyemtajia idadi. Alishuka ngazi, akanywa chai kweli, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Jumamosi asubuhi aliifunga rula ya alumini ya mita mbili kwenye baiskeli, ile ya kupimia kalibu, akaenda Necko. Kwenye mteremko wa kushushia boti alimkuta Wiesiek akirudisha trela nyuma polepole, kwa gari la mnunuzi, kuelekea majini. Daktari Gryko, mtu mrefu mwenye kofia mpya ya nahodha, alikuwa anaongoza kwa mikono. Mkewe alikaa kwenye ukuta na mabinti wao wawili, na mabinti walikuwa wameshavaa majaketi ya kuokolea, ya rangi ya machungwa, yamefungwa hadi kidevuni, wanabishana nani akae mbele.

Wiesiek alimwona kwenye kioo, akafunga breki, akashuka.

"Dada yangu huyu," akamwambia Gryko akicheka. "Amekuja kuaga boti, analia kila ikiondoka moja." Kisha, akiwa karibu: "Danka, rudi nyumbani kamenye viazi."

"Bwana Gryko," alisema Danuta, "njoo huku chini uchungulie."

Alikuwa ameshapiga magoti. Aliingia chini ya trela na rula yake, akailaza kando ya tumbo la boti, karibu na injini, akaishikilia. Gryko aliinama, kofia ikamwanguka. Kati ya rula na boti palikuwa na upenyo, na mwanga wa ziwa ulipita pale.

"Hii inatakiwa ikae bila mwanga," alisema Danuta. "Ukienda taratibu hutaona kitu. Ukiifungua injini, pua inazama. Ukikata kona inageuka, inamwaga watu."

"Wewe ni mkaguzi?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyeitoa kwenye kalibu. Ilipaswa kulala masaa kumi na sita. Niliitoa baada ya sita, nikaandika kumi na sita."

Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, sababu, joto la mwezi ule, oda, mhandisi wa Gdańsk. Yalipotoka yale machache akaona hakuna kilichobaki.

"Ana wazimu," alisema Wiesiek. "Tangu mumewe afe ana wazimu, waulize watu." Mke wa Gryko alikuwa amesikia. Aliwavuta mabinti mmoja mmoja akaanza kuwafungulia majaketi, nao wakaanza kunung'unika kwamba bado hata hawajapanda. Wiesiek alichuchumaa kando ya gurudumu, uso wake na wa dada yake ukawa sawasawa, na sauti yake sasa haikuwa ya mzaha.

"Danka. Bogusia ameshakata tiketi."

"Najua."

"Nimwambie nini?"

Danuta alitaka kusema atampa mshahara wake, nyumba yake, chochote, lakini alijua kufikia Jumatatu hatakuwa na mshahara. "Mwambie ni mimi," alisema.

Wiesiek alisimama. Alimwambia Gryko atarudishiwa fedha zake wiki ijayo, ang'oe injini yake aende nayo, na trela abaki nayo kwa sasa kama dhamana. Akaondoka kwa miguu kupita njia ya ziwani. Danuta alimfuata kwa macho hadi kwenye kona ya misonobari. Wiesiek hakugeuka, na kwa jinsi Danuta alivyomjua, hangegeuka kwa miaka.

Gryko alimsaidia kutoka chini ya trela. Alikuwa mweupe kama karatasi, na hasira yake ilikuwa inatafuta mahali pa kutua. Ilitua kwenye swali.

"Ni hii moja tu?"

Danuta alikuwa amekuja kwa ajili ya moja. Wiki nzima, kitandani na kwenye foleni ya mkate, alijiambia moja, watoto wawili, basi. Aliwatazama wale mabinti walivyoketi sasa ukutani, majaketi yao miguuni.

"Ziko sitini na moja," alisema.

"Ziko wapi?"

"Norwei. Ujerumani. Uholanzi. Nyingine bado ziko kwenye nailoni, ndizo wanazouza msimu huu kwa bei ya kutupa ili wasafishe yadi. Za bei rahisi ndizo zinazoenda kwa wenye watoto."

"Na kiwanda kinajua?"

"Wanajua wote. Lakini karatasi zinasema vingine, na karatasi nimeandika mimi. Nisiposema mimi, nani atasema?"

Gryko akatoa simu. "Unazikumbuka nambari?"

Alizikumbuka. Miaka mitatu alikuwa akizipitia kichwani kama watu wengine wanavyopitia rozari, bila amina mwishoni. Aliegemea gurudumu la trela akaanza. Mia nne kumi na mbili, masaa sita. Mia nne kumi na tano, sita. Mia nne kumi na nane, saba. Mia nne ishirini, matano na nusu. Hiyo ilikuwa siku ya maua na picha. Gryko aliandika kwa kidole kimoja, na kila aliposimama Danuta alingoja. Sauti yake ilikuwa inakauka. Baada ya nambari ya tisa yule bwana aliinua macho, akamwona alivyo, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye changarawe magotini, na hasira ikamtoka.

"Inatosha, mama. Hizi zinatosha kuanzia. Ukiendelea unajimaliza mwenyewe."

"Bado hamsini na mbili," alisema Danuta. "Andika."